Bi Pua na Waya Usiokuwepo

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitikia kama mlioshiba. Haya, kaeni vizuri.

Hapo zamani za kale, ila si kale sana maana sola zilikuwepo, paliondokea mfugaji jina lake Mwasaga. Alikuwa na nguruwe saba, na uwezo wa kuwajengea banda hakuwa nao. Akachukua betri ya pikipiki, akaiunga na sola ndogo na kile kidude cha kusukuma umeme. Akakata bomba bovu la maji vipande vipande, akavivika vijiti ili umeme usipotelee ardhini, akawazungushia nguruwe nyaya mbili, mmoja usawa wa goti, mmoja usawa wa pua. Majani yakiisha, unang'oa vijiti, unahamia mbele.

Mkubwa wa nguruwe alikuwa Bi Pua, naye alikuwa ananyonyesha watoto wanne. Siku ya kwanza akaunusa waya. Chaa! Akaruka, akaanguka chali, akalia.

Tangu hapo akawa mtaalamu. Kila asubuhi aliwapanga wenzake, akawaonyesha mpaka ulipo, akawasimulia umeme unavyouma, na kila siku akiongeza chumvi kidogo. Wakamheshimu mno. Tope zuri la kugaagaa wakamwachia yeye.

Majani yakaisha. Mwasaga akang'oa waya wa upande mmoja, akauzungushia upande wa nje wa shamba la viazi vitamu lililokuwa jirani. Sasa kati ya nguruwe na viazi hapakuwa na kitu. Akatikisa ndoo ya pumba. Nguruwe wakaja mbio, mbio, mbio, wakafika pale waya ulipokuwa. Wakasimama.

Kuku akapita katikati yao, akaenda kwenye viazi, akarudi. Akawaambia waya haupo. Bi Pua akamcheka, akasema mwenye manyoya atajuaje umeme. Kuku akaenda zake.

Siku ya pili hawakuvuka. Mwasaga akawasukuma kwa nyuma, wakamwangusha yeye. Siku ya tatu hawakuvuka. Maziwa ya Bi Pua yakakauka. Watoto wanavuta, hamna. Wanavuta, hamna. Maskini mama wa watu, harufu ya viazi anaisikia, machozi yanamtoka, na mguu hauinuki.

Siku ya nne Mwasaga akachoka. Akachomeka vijiti palepale waya ulipokuwa, akafunga kamba ya katani. Katikati akaacha nafasi kama mlango, akasimama kando.

Bi Pua akatazama kamba. Akatazama mlango. Akawageukia wenzake.

"Mnaona? Niliwaambia waya upo. Bahati yenu mimi naujua mlango."

Akatangulia, kichwa juu. Wote wakamfuata, wakimshukuru. Wakala viazi mpaka matumbo yakagusa chini, na watoto wakapata maziwa.

Mwasaga akaitazama kamba, akaitazama betri. Akaibeba betri nyumbani, akasikilizia redio. Mpaka leo nguruwe wake wanazungushiwa kamba tupu, na mlinzi wake ni Bi Pua, halipwi kitu.

Funzo ni hili, wakubwa kwa wadogo. Waya wa kwanza anaufunga mwenye shamba. Ukishang'olewa nawe bado umesimama, wa pili umeufunga mwenyewe.

Hadithi yangu imeishia hapa, kwenye kamba. Anayeiogopa abaki, mwingine avuke aende zake kulala.