Nyuma Yupo Mtu?

Wapendwa, neno limeshasomwa, na waliolisoma wamelisoma vizuri. Mimi bibi yenu nina kamfano kangu tu. Akina mama shusheni watoto mgongoni wapumue, hakana urefu.

Kulikuwa na mlima, na mlimani huko kulikuwa na watu wa baiskeli. Si wale wa kuzungusha pedeli kwa raha jioni, la. Watu wa kazi. Siku ya gulio wanafunga kabichi na karoti na njegere kwenye karia, gunia juu ya gunia, mpaka ukimtazama mtu kwa nyuma humwoni, unaona mzigo unashuka wenyewe. Njia ni moja, nyembamba, huku ukuta wa mlima, huku bonde. Ukiteleza upande wa bonde, watu hulitaja jina lako kwa sauti ya chini.

Haya, njia nyembamba, na watu hawalingani mwendo. Wataishije? Wakubwa wa pale waliweka utaratibu. Mwenye mbio akimkuta wa polepole, anapiga kengele angali mbali, mara mbili, basi. Wa mbele anajibu, "Nimesikia!" Lakini hasimami hapo hapo. Mwenye mzigo mzito ndiye anayechagua pa kusimama, maana yeye ndiye anajua mzigo wake utatulia wapi. Akipata penye upana anaegemea ukuta, mwenzake anapita taratibu, anamwamkia. Na yule aliyesimama lazima aulize, "Nyuma yupo mtu?" Mpitaji anajibu: wapo wawili, yupo mmoja, au hayupo, mimi ndiye wa mwisho. Ukiambiwa wawili akapita mmoja, huondoki. Unasubiri. Kule chini, njia inapokutana na barabara ya magari, pana chemchemi. Wakifika hapo wanakunywa maji, wanahesabiana, na hakuna kwenda gulioni mpaka wa mwisho afike.

Mnaona ilivyokuwa? Mtu hakuweza kupotea mlima ule. Angepoteaje, na kila mdomo ulikuwa unamuulizia?

Basi akatokea kijana mmoja. Mama yake alikuwa amefariki, ndugu wametawanyika, anaishi peke yake kwenye kijumba juu kabisa ya kijiji. Akajinunulia baiskeli ya gia, tairi mpya zina meno kama msumeno. Weee! Ilikuwa ikishuka inalia zzzzz, kuku wanakimbilia ndani. Yeye utaratibu ule akauona mzigo. Kengele akaing'oa, eti inampigia kelele. Chemchemi akaanza kuipita bila kusimama. Siku wenzake walipomuuliza, akawacheka.

"Kabichi zinanyauka juani na nyie mmekaa mnamsubiri konokono! Anayetaka kuwahi anifuate."

Mmoja akamfuata. Gulio lililofuata wakamfuata wawili. Mnajua jambo baya lilivyo na miguu myepesi. Haikupita mvua moja, pale chemchemini hapakuwa na mtu wa kumsubiri mtu.

Huyo konokono alikuwa nani? Mzee mmoja, kafiwa na mkewe, ana baiskeli nyeusi ya zamani, breki zimeisha anazisaidia kwa kandambili. Chini ya kiti alifunga kikombe cha bati cha kunywea maji. Kikombe kile kinagonga chuma njia nzima, kwang, kwang, kwang. Basi wakamwita Kikombe. Alikuwa wa mwisho kila siku, hakuna aliyeshindana naye kwa hilo.

Siku moja kijana wetu anashuka, mbele anamkuta Kikombe. Kengele hana. Akapiga kelele, "Pisha!" Kikombe akaitikia, "Nimesikia, mwanangu, ngoja tufike pale penye jiwe." Ngoja? Kijana hakujua kungoja. Akajipenyeza upande wa ukuta, bega kwa bega, mzee wa watu akasukumwa upande wa bonde. Hakuanguka, Mungu mkubwa, alishika mzizi. Lakini gunia moja likapasuka, kabichi zikaenda zinarukaruka bondeni kama watoto waliotoka shule.

Kijana akasimama mbele kidogo. Hakushuka.

"Mzee, njia hii si ya kutembelea. Kama mwendo umekushinda, pitia barabara ya magari huko."

Kikombe bado ameshika mzizi wake. Unadhani alimtukana? Alimuuliza swali lile lile la siku zote.

"Nyuma yupo mtu?"

"Kwani mimi nimeajiriwa kuhesabu watu?"

Akaondoka, zzzzz.

Gulio lililofuata kikombe hakikusikika njiani. Mzee alichukua barabara ya magari, ile inayozunguka mlima mzima, vumbi tupu. Kijana hata hakuuliza. Njia imekuwa nyeupe, akafurahi.

Sasa sikilizeni. Ukafika mwezi wa ukungu. Siku ya gulio asubuhi kijana amepakia njegere, amewapita wenzake wanne, yuko mbele peke yake kama alivyopenda. Kwenye kona tairi la mbele likakanyaga mzizi uliolowa. Hakupata hata muda wa kusema "mama." Yeye, baiskeli na magunia, wote chini. Akatua kwenye majani marefu, kimo cha watu watatu kutoka njiani, mguu umekunjika pale ambapo Mungu hakuweka goti.

Akasema moyoni, si neno, wenzangu wanne wanakuja.

Akasikia wa kwanza. Akaita, "Jamani! Niko huku!" Wa kwanza akapita, upepo masikioni. Akasikia wa pili na wa tatu wamefuatana, mmoja amefunga redio kwenye usukani, inaimba. Akaita mpaka sauti ikakwaruza. Wakapita na wimbo wao. Wa nne alikuwa anakimbizana na wale watatu, naye akapita. Ukungu ukajifunga nyuma yao kama mlango.

Watamsubiri chemchemini? Nani asubiri? Yeye mwenyewe aliwafundisha kutosubiri. Gulioni wataulizana? Wataulizana nini, yeye huwa kashafika, kashauza, kashaondoka kabla yao. Mtu wa mbele siku zote, asipoonekana watu husema yuko mbele. Nyumbani je? Nyumbani alifunga mlango mwenyewe asubuhi, na ufunguo alikuwa nao mfukoni. Akaushika ule ufunguo. Akajua kwamba anaweza akakaa hapo leo, na kesho, na wiki, na duniani hakuna sufuria hata moja itakayofunikwa ikimngoja yeye.

Mmewahi kuwa wapweke namna hiyo? Mkono wako unashika ufunguo, na ufunguo haufungui kitu?

Ndipo akakumbuka. Kikombe! Kikombe ndiye wa mwisho. Anakwenda polepole, upepo haumzibi masikio. Yeye atasikia. Kijana akatulia, akaacha kulia ili asikie vizuri. Akategea kwang, kwang. Ndege akilia, anadhani ndicho. Tone la maji likidondoka kwenye jani, anadhani ndicho. Akangoja. Siafu wakamkuta, akawapangusa huku ametega sikio. Akangoja mtu mmoja tu katika watu wote wa dunia.

Na katikati ya kungoja huko likamjia neno lake mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe. "Pitia barabara ya magari huko."

Ee, wanangu. Aliyekuwa anamngoja ndiye aliyemfukuza.

Pale hakulia tena. Alilaza kichwa kwenye majani. Ukungu ukapanda, jua likaja likampita, kivuli cha mlima kikaanza kurudi upande wake. Alilamba umande mpaka ukaisha.

Saa tisa hivi, akasikia kitu. Kwang.

Akasema ni homa. Kwang, kwang. Lakini sauti haikuwa inatoka juu, watu wanakotokea. Ilikuwa inatoka chini. Inapanda. Polepole, mtu anasukuma baiskeli tupu mlimani, anasimama kila kona, halafu anaita. Na anachoita ni kile kile.

"Nyuma yupo mtu?"

Kijana akafungua mdomo. Swali aliloulizwa mara ngapi, na hakuwahi kulijibu hata mara moja.

"Yupo! Mimi hapa! Shikamoo, baba!"

Halafu juu ya majani kikatokea kichwa cha Kikombe.

"Marahaba. Mguu upi?"

"Wa kulia. Baba, umejuaje niko huku?"

"Tope la chemchemini. Mimi nafika wa mwisho, kwa hiyo naangalia tairi za waliotangulia, nijue wote wamepita. Leo nimeziona nne, laini zote kama kisigino. Ya meno haipo. Nikasema huyu mtoto amelala mlimani."

"Hukuuliza wengine?"

"Nilimkuta wa redio pale pale, anatoka gulioni. Kasema wewe uko mbele." Mzee akashuka akishikilia majani, anahema. "Punguza maneno. Kabichi zangu nimeziacha pale chemchemini zinaliwa na mbuzi wa watu, kwa hiyo ukinizimikia hapa nitakuchapa."

Akamfunga mguu kwa vijiti na ile mipira ya kufungia magunia. Akampandisha, hatua kwa hatua, wanaanguka, wanainuka. Akamkalisha kwenye karia pale kabichi zinapokaa, akashika usukani, wakaanza kushuka kwa miguu. Kijana hakuwahi kuishuka njia ile kwa mwendo ule. Akaona kumbe pana kaburi la mtu njiani, limewekewa mawe. Kumbe pana mahali mlima unatoa maji. Alipita hapo miaka, hakuona.

Na hapa ndipo nilipowaletea mfano wenyewe, msilale.

Wakiwa katikati, wakasikia kelele nyuma. "Pisheni! Pisheni huko!" Vijana wawili, walirudi juu kwa barabara ya magari, sasa wanashusha mzigo wa pili wa siku. Kikombe akaitikia, "Nimesikia!" Akasogea penye upana, akaegemeza baiskeli ukutani na mgonjwa wake juu. Vijana wakaja kama mawe. Wa kwanza akapita, zzzzz. Wa pili akapita, goti lake likaugusa ule mguu uliovunjika, hakujua.

Na kabla mzee hajafungua mdomo, aliyepaza sauti ni kijana aliye kwenye karia. Alipaza kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

"Nyuma yupo mtu?"

Hakuna aliyegeuka. Vumbi lao likatua.

Akangoja. Halafu akaanza kulia, maumivu ya mguu si kitu kwa kilio kile, maana ile mbio aliijua. Ilikuwa yake. Aliwafundisha yeye, na wamefuzu.

"Twende, baba," akasema.

Kikombe hakusogea. Alikuwa anatazama juu, njia inakopotelea.

"Hatuwezi," akasema. "Hawajajibu. Tusubiri kidogo."

Wakasubiri. Mguu unauma, kivuli kinashuka, wawili hao wameegemea ukuta wa mlima wanamsubiri mtu wasiyejua kama yupo.

Mfano wangu umeishia hapo.

Mtaniuliza, bibi, alitokea mtu? Mimi sijui. Mnataka nimtoe wapi? Ninachojua ni kwamba sisi tumezoea kuwaombea walioanguka, na ni vizuri. Lakini walioanguka hatuwajui, maana tumeacha kuulizana. Tunapitana hapa sokoni, tunapitana kisimani, tunapitana hata kwenye mlango wa nyumba hii ya Bwana, kila mtu na mzigo wake na mwendo wake. Mwenye haraka anamsukuma wa polepole upande wa bonde kisha anamwambia, hukuweza mwendo, pita kwingine. Naye anapita kwingine kweli. Haleti ugomvi. Unabaki na njia nyeupe, unafurahi, mpaka siku utakapolala kwenye majani unategea kikombe chake.

Wala msiseme, bibi anawasema vijana. Mimi mwenyewe nimewahi kupita mtu hivyo, na jina lake ninalo mpaka leo, nikiamka huanza na hilo kabla ya "Baba yetu uliye mbinguni." Alikuwa anaimba sauti ya chini kwenye kwaya, anachelewa kushika wimbo. Nikamwambia mbele za watu, mama, unaturudisha nyuma. Akakaa. Hakuimba tena, na baada ya mavuno mawili hakuja tena, na mimi sikuuliza. Niliposikia habari zake, nilisikia pamoja na saa ya mazishi.

Haya. Naona mchungaji ameshika kitabu, anataka tusimame tufunge kwa sala. Ngoja kwanza, baba mchungaji, unisamehe. Geuzeni shingo. Benchi ile ya mwisho, kwenye nguzo, pembeni ya dirisha lililovunjika kioo. Ina mto wa kitambaa cha kijani, mtu aliushona aje aukalie kwa sababu ya mgongo wake. Mto upo. Una vumbi.

Nani anakaa pale? Mimi mwenyewe sijui.

Mnatazamana. Mama mzee wa kanisa, hujui? Nyie wa kwaya, mko karibu nao, hamjui? Ni wa lini ule mto?

Basi keti, baba mchungaji. Hawajajibu. Tusubiri kidogo.