Doa la Kwanza Kumshinda Dobi

Hakukuwa na doa lililowahi kumshinda dobi yule. Wino, kutu, utomvu wa ndizi, mafuta ya mashine, yote aliyajua kwa sura na kwa dawa zake. Mteja akisema hili halitoki, yeye hucheka tu na kuipokea nguo. Basi sifa zikamlevya. Akazoea kuulizwa, akasahau kuuliza.

Mvi zilipokwisha kumwingia, alishikwa na hamu ya kujifunza tabla, zile ngoma mbili zipigwazo kwa vidole, ndogo ya mti kuliani na kubwa ya shaba kushotoni. Mwalimu alikuwa binti wa rika la kitindamimba wake, na darasa lilikuwa chumba kimoja juu ya duka la viatu, watoto wameketi mkekani. Siku ya kwanza tu binti aliwaambia kwamba atakayetaka kununua ngoma zake amwone kwanza, maana kuna kuchagua na kuna kutunza. Watoto waliuliza kila kitu mpaka wakachosha. Dobi alinyamaza na kutikisa kichwa kama mtu anayejua. Mtu mzima na ndevu zake amwulize mtoto? Thubutu!

Miongoni mwa wateja wake alikuwamo mama mmoja mjane, ambaye marehemu mumewe alikuwa mpiga tabla. Aliposikia dobi anajifunza, akamwuzia ngoma za marehemu kwa bei ya kutupa, zisije zikafia kabatini. Alitaka jambo moja tu.

"Jumamosi nitakuja, mwanangu," alisema. "Unipigie japo pigo moja. Tangu tumzike sijaisikia sauti yake."

Dobi aliapa kwamba angeisikia.

Alipozifikisha nyumbani, alizikagua kwa jicho la kazi. Juu ya ngozi ya kila ngoma palikuwa na duara jeusi, gumu, linalong'aa. Kwenye ngoma ndogo lilikaa katikati, lakini kwenye kubwa lilikuwa limesogea pembeni. Hapo akakata shauri. Yangekuwa mapambo, yangekaa katikati yote mawili. Hili ni jasho na mafuta ya mikono ya miaka na miaka. Mkewe alimsihi amwulize mwalimu kwanza. Akamjibu kwamba dobi wa nyumba ile ni yeye.

Akatengeneza maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na brashi laini. Doa liligoma, kisha likaanza kubanduka vipande vipande, maji yakawa meusi kama masizi. La pili likafuata. Akazianika kivulini, ngozi nyeupe pe, na roho yake ikatulia. Marehemu mwenyewe angeona, angeshukuru.

Jumamosi mama alifika amevaa gauni ambalo dobi mwenyewe alikuwa amelipiga pasi. Akaketi kwenye benchi la wateja, akafumba macho. Dobi akapiga. Ikatoka sauti butu, kama ya boksi lililolowana. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi, ikawa vilevile.

Mama akafumbua macho. "Hiyo siyo," alisema, kisha akaiona ngozi.

Uongo ulimjia dobi mdomoni, kwamba labda ni baridi, labda kamba zimelegea. Lakini uso wa mama ulimfunga ulimi. Akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Niliziosha, mama. Nilidhani ni uchafu."

Mama alipapasa pale palipokuwa na duara, kwa kidole kimoja, taratibu. Hakufoka.

"Nilipoolewa, mimi nami nilidhani ni uchafu," alisema. "Nilishika kitambaa kabisa. Lakini nilimwuliza. Alinicheka siku nzima, kisha akaniambia sauti yote inakaa humo."

Akasimama, akaaga kwa adabu, na adabu ile ikamchoma dobi kuliko matusi.

Akazibeba ngoma hadi darasani, akasimulia yote mbele ya watoto, kichwa chini. Mwalimu alimweleza kwamba duara lile ni unga wa chuma uliokandwa kwa wanga, ukasuguliwa tabaka juu ya tabaka. Fundi angeweza kuweka ngozi mpya, na ingelia vizuri. Ila ile iliyolainishwa na vidole vya marehemu ndiyo basi tena.

Dobi hakujitetea. Aliketi mkekani, mwisho wa safu ya watoto, akanyoosha mkono kama wao.

"Mwalimu," alisema, "naomba kuuliza."

Tangu siku ile anauliza, na watoto humcheka, na kicheko chao hakifiki hata jioni. Lakini aibu ya kutouliza anayo mpaka leo, kila apitapo mlangoni kwa mama yule akiwa na nguo begani. Ama kweli, kuuliza si ujinga.