Meno ya Nzomo Yaliyochongwa

Mnyonge umcheke, umdharau ukitaka, lakini kilicho chake ni chake. Wenye mashamba walipenda kulisahau jambo hilo. Vibarua hawakulisahau.

Mwaka wa 1974, katika shamba moja la mkonge karibu na Voi, Nzomo alikuwa akifunga marobota ya mkonge. Waya ulikatika, ukamcharaza mdomoni kama mjeledi. Meno mawili ya mbele yakavunjika karibu na ufizi. Tangu siku hiyo akawa anaishi kwa uji, na kazi ya marobota haifanywi kwa uji. Msimamizi alikwisha kumwonya kwamba asipopona upesi, nafasi yake atapewa mwingine.

"Bima si ipo?" mkewe, Tryphena, alimwambia. "Kila mshahara wanakukata."

Wakala wa bima, kijana mwenye tai aitwaye Phineas, akaja kwenye ofisi ya kiwanda cha shamba hilo. Alimfunua Nzomo mdomo, akaangua kicheko.

"Mzee, haya ni meno au misumari? Bima hulipia meno mazima yaliyovunjwa na ajali. Haya uliyavunja mwenyewe zamani."

"Nilichongwa, mwanangu. Kwetu Ukambani, kijana asiyechongwa alihesabiwa mtoto. Kuchonga si kuvunja."

"Kwangu ni yale yale."

Katuku, mfungaji mwenzake, alikuwa akisikiliza mlangoni. Yeye pia alikuwa amechongwa. Aliingia, akashika kamba ya mkonge, akaing'ata mara moja ikakatika.

"Visu hatupewi, kamba tunakata hivi. Hili nalo ni jino bovu?"

Phineas aliokota kipande cha kamba, akakitazama.

"Tuliochongwa tumejaa hapa, Wakamba kwa Wataita," Katuku aliendelea polepole. "Siku ya makato hamtuchungulii midomo. Ikiwa meno yetu hayana bima, basi tutoeni sote kwenye makato leo hii, msimamizi akisikia."

Huko nje mashine ya kushindilia ilikuwa imenyamaza. Vibarua wazee walisimama kando ya marobota, midomo wazi, meno yao yamechongoka kama miiba.

"Sura zenu zinatisha," Phineas alinung'unika, akitoa kalamu.

"Andika hivyo," Nzomo alisema. "Halafu uandike na gharama ya daktari."

Nzomo akatibiwa Mombasa kwa fedha za bima, akarudi na meno ya bandia yaliyonyooka. Wenzake wakamtania kuwa sasa anafanana na karani. Alikula muhogo wa kuchoma, akarudi kwenye marobota yake. Phineas hakuomba radhi, na kila alipopita kiwandani aliwacheka vilevile. Wao hawakumdai mapenzi. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.