Mkono Ushikao Joho

"Mkono ushikao joho haumshiki ndugu." Mliisikia methali hiyo jana mazikoni, alipoambiwa mtu aliyekaa kando ya jeneza akakataa kulibeba, akichelea udongo usiingie kwenye suti yake. Mmeniuliza maneno hayo yametoka wapi. Hayakutoka hapa kwetu. Yametoka mbali, zamani, na chanzo chake ni hiki.

Katika zama ambazo Warumi walitawala kaskazini ya Afrika, hadhi ya mwanamume ilijulikana kwa nguo yake. Mtumwa alivaa kanzu fupi ya kuishia magotini. Raia wa Rumi, akienda mbele za watu, alivaa joho waliloliita toga. Lilikuwa kitambaa kimoja cha sufu nyeupe, kirefu kupita watu wawili waliolala, kilichozungushwa mwilini na kutupwa begani. Halikuwa na kifungo wala pini. Lilisimama kwa sababu mvaaji aliikunja mikunjo yake kwa mkono wa kushoto na kuibana kifuani. Mtu wa namna hiyo hawezi kubeba gunia wala kushika jembe, na hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake.

Katika mji mmoja wa huko waliishi ndugu wawili, Namfamo na Migini, watumwa wa mzee Gavio, mwenye mashamba ya mizeituni. Gavio alimwacha huru mkubwa, Namfamo, na kwa desturi ya nchi akawa raia. Alipovaa joho kwa mara ya kwanza na kupita sokoni, lilimporomoka mpaka kiunoni. Muuza samaki akapaza sauti: "Mtazameni, anavua akakamue zeituni!" Soko zima lilicheka. Tangu siku hiyo Namfamo alifanya mazoezi nyumbani, akitembea huku na huku, mkono wa kushoto umebana kama wa mtu aliyevunjika. Akaapa kwamba hatachekwa tena.

Gavio alipougua alitaka kumwacha huru na Migini. Jambo hilo lilipaswa kufanywa mbele ya hakimu, aliyepita katika mji ule kwa nadra. Ilitakiwa raia mmoja aje kuwa mtetezi, naye asingesikilizwa bila joho. Kwa mkono wa kulia mtetezi hushika fimbo, kwa wa kushoto humkamata mtumwa, kisha humgusa kwa ile fimbo na kutamka kwamba mtu huyu ni huru. Namfamo aliomba kazi hiyo mwenyewe. Nani mwingine angemtetea mdogo wake?

Siku ilipofika uwanja ulijaa. Gavio aliletwa amebebwa kitini. Migini alitoka moja kwa moja kwenye kinu cha kukamulia zeituni, kanzu yake imelowa mafuta meusi ya zeituni.

"Kaka, nimenawa mara nyingi," alisema. "Hayatoki."

"Simama mbali kidogo mpaka tuitwe," Namfamo alimjibu. Joho lake lilikuwa limepakwa chaki likang'aa.

Wakaitwa. Namfamo akainua fimbo, akamgusa mdogo wake begani, akatamka maneno yote bila kukosea.

Hakimu akamtazama. "Mkono wako mwingine uko wapi?"

"Upo hapa, mheshimiwa."

"Naona upo. Mshike mtu wako."

Nyuma yao ikasikika sauti ya yule muuza samaki: "Akimshika, leo tutauona mgongo wa mheshimiwa!" Kicheko kikapita uwanjani kama upepo kwenye majani makavu. Namfamo akazidi kubana mikunjo.

"Kaka, nishike," Migini akamnong'oneza. "Watacheka, kisha watanyamaza."

"Ngoja kwanza nilitengeneze begani."

"Litaanguka tu. Liache lianguke."

Namfamo alijaribu kulipandisha joho kwa mkono uleule uliokuwa na fimbo, nalo likazidi kulegea, na watu wakazidi kucheka. Hakimu alikuwa na mashauri mengi na jua lilikuwa kali.

"Asiyeshikwa hana mtetezi," alisema. "Lije shauri lingine."

Ndugu wale wakaondolewa mbele yake. Gavio akawapungia mkono kutoka kitini, akasema, "Msijali, wanangu. Atakaporudi tutafanya tena."

Hakimu hakuwahi kurudi kabla ya mauti ya mzee. Gavio alikufa, mali ikaenda kwa mpwa wake, kijana asiyejua ahadi za mjomba wala kuzitaka. Akawauza watu wa kinu kwa wachimba mawe wa mbali, bara, ambako waliokwenda hawakuwa wakirudi.

Namfamo alizipata habari hizo wakati mkokoteni uliowabeba umekwisha kutoka langoni. Alikimbia. Joho lilimfunga miguu, akalitupa njiani, akaendelea kukimbia na kanzu yake ya ndani mbele ya macho ya mji mzima. Hakuna aliyecheka. Akaufikia mkokoteni, akamkamata mdogo wake mkono kwa mikono yake miwili, mafuta yakampaka mpaka viwikoni.

Migini akamtazama kwa upole. "Sasa umenishika, kaka," alisema. "Hakimu yuko wapi?"

Mlinzi akawaachanisha, magurudumu yakaendelea.

Namfamo aliishi miaka mingi baada ya hapo, raia kamili, mwenye haki ya kuvaa joho kila sikukuu. Hakulivaa tena. Vijana wa mji walipomwona amesimama na kanzu fupi kati ya waungwana waliomeremeta, walimuuliza kwa nini anajidhili mtu kama yeye. Wengine walidhani ni ubahili. Hakuwahi kuwaeleza habari za uwanjani wala za mkokoteni. Alikuwa na jibu moja tu, akilisema huku ameitazama barabara ya bara:

"Mkono ushikao joho haumshiki ndugu."