Siku Fahali Alipotoa Lita Tisa

“Ukisimamisha hesabu ya kulala, fahali hutoa maziwa.” Ndivyo alivyoambiwa karani aliyetuletea hesabu zake asubuhi hii, nanyi vijana mkacheka, kisha mkauliza usemi huo umetoka wapi. Haukushuka mbinguni. Ulitoka katika zizi la ushirika kule milimani Rungwe, na chanzo chake ni hiki.

Zizi lile lilikuwa na vyumba saba. Katika sita walikaa ng'ombe wa maziwa. Katika cha saba alikaa fahali wa mwenyekiti, Bwana Mwakatobe. Chumba cha nne alikuwamo Mbalamwezi, ng'ombe wa Ambakisye. Mkewe alipofariki, Ambakisye alibaki na vitu viwili tu: ng'ombe huyo, na kinyongo kwa kila mtu mwenye ofisi.

Mwaka huo viongozi wa ushirika, ambao hawajawahi kushika chuchu ya ng'ombe, walitoa sheria: maziwa yapimwe wiki nzima, na mnyama mwenye wastani mdogo kuliko wote apelekwe kuchinjwa. Afisa kijana, Lusajo, akaja na kompyuta. Akachora jedwali: kila mnyama na mstari wake uliolala, kila siku na safu yake iliyosimama, Jumatatu hadi Jumapili. Fomu ilitaka kila chumba kijazwe, basi fahali naye akaandikwa. Sufuri saba.

Wiki ilipokwisha, watu wakaitwa wasikilize.

“Wa mwisho ni wa chumba cha nne,” Lusajo akasoma. “Lita tatu kwa siku.”

Ambakisye akasogea mbele. Mbalamwezi alikuwa akijaza ndoo kila siku, isipokuwa Alhamisi, watu wote walipokwenda mazikoni na hakuna ng'ombe aliyekamuliwa vizuri.

“Soma tena, bwana afisa.”

“Mzee, kompyuta haina upendeleo,” mwenyekiti akadakia. “Na sheria haina jina la mtu. Mchinjaji yuko njiani.”

“Sawa. Na wa chumba cha saba kapata ngapi?”

Lusajo akatazama. “Lita tisa. Ndiye wa kwanza.”

Mama mmoja akajifunika kanga usoni, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Ambakisye hakubisha. Alikwenda akarudi na ndoo na kigoda, akaviweka mbele ya chumba cha saba. “Mwanangu, mimi shule niliishia darasa la pili. Nikamulie hizo tisa, nami Mbalamwezi nitamfunga kamba mwenyewe.”

Lusajo akainama kuchungulia chini ya tumbo la fahali. Fahali naye akageuza shingo kumtazama. Afisa akainuka upesi, akarudi kwenye kompyuta yake.

Kosa lilikuwa tarakimu moja. Ukiiandikia kompyuta ile namba moja, hupiga wastani wa kila mstari uliolala; ukiiandikia namba mbili, hupiga wa kila safu iliyosimama. Lusajo aliandika mbili. Akapata wastani wa siku, akawagawia wanyama. Na kwa kuwa wanyama ni saba na siku ni saba, majibu yakawaenea bila kubaki, asishtuke mtu. Mbalamwezi akabebeshwa Alhamisi ya zizi zima. Fahali akavikwa Jumapili, siku ambayo kila mtu yuko nyumbani anakamua.

Lusajo akafuta mbili, akaandika moja. “Chumba cha nne, lita kumi na moja. Wa kwanza.” Akashuka hadi mwisho wa orodha. “Wa mwisho, chumba cha saba. Sufuri.”

Mchinjaji ndiyo kwanza anaingia langoni, kamba begani. “Mnyama yuko wapi?”

Watu wote wakamgeukia mwenyekiti.

“Sheria hii,” mwenyekiti alisema taratibu, “nadhani tuliipitisha kwa haraka.”

“Haina jina la mtu, mwenyekiti,” akajibu Ambakisye, ambaye alikuwa ameshaketi kwenye kigoda chake ubavuni mwa Mbalamwezi, ndoo imeanza kulia.

Sheria ilifutwa kabla ndoo haijajaa. Tangu hapo, mkubwa yeyote akipanda kule na hesabu zake zilizopambwa, watu hawabishani naye. Humletea ndoo na kigoda, wakamkaribisha zizini, wakamwambia: ukisimamisha hesabu ya kulala, fahali hutoa maziwa.