Faili la Kiwanja Namba Tisa

Kazi ya ukarani ilikuwa moja, na Bwana Luhende, mkuu wa masjala, alikwisha kumwahidi shemeji yake. Usaili ulikuwa wa kutimiza sheria tu. Basi alipoingia Siwema Kondo, binti mpole mwenye vyeti safi, akampa mtihani mbele ya wasaili wenzake wawili.

"Nataka faili la Kiwanja Namba Tisa. Likiwa juu ya meza hii kabla ya chai ya saa nne, kazi ni yako."

Wenzake wakaandika. Faili lenyewe alikuwa amelifungia kwenye droo yake.

Saa nne kasorobo Siwema akarudi na karatasi tu.

"Samahani mzee, faili halipo masjalani. Nimeandika barua ya kumwarifu mkaguzi kwamba limepotea. Naomba saini yako."

"Mkaguzi wa nini tena?"

"Kitabu cha kutolea mafaili kinaonyesha wa mwisho kulichukua ni wewe, mzee. Nimeambatisha nakala."

Luhende akachomoa ufunguo mfukoni.

"Nani kasema limepotea?" Akafungua droo, akalibwaga faili mezani. "Si hili hapa!"

"Ahsante, mzee," akasema Siwema. "Na chai bado haijaingia."