Sufuria ya Bi Ruzuna

Hapo zamani, karatasi ikiwa bado ya kutafutwa lakini umbea tele, palikuwa na mpishi jina lake Mwanakombo. Pilau yake ilinukia mitaa mitatu. Lakini pua haziajiri mtu, na mwaka mzima hakuna aliyemwita shughulini. Akaapa: nikiikosa na harusi ya Bi Ruzuna, nauza sufuria yangu, naenda kukaanga mihogo barabarani. Akasema hivyo akalia, maana sufuria ile aliachiwa na mama yake.

Bi Ruzuna alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho, na alishatangaza: "Sitaki msururu mlangoni. Anayetaka kunipikia aniandikie barua, anieleze kwa nini nimchukue yeye."

Mwanakombo akaenda kwa Athmani, mwandishi wa barua za watu pale sokoni. Athmani akajaza kurasa tatu. Akaandika ukoo wa Mwanakombo, akaandika sifa za Mwanakombo, akaandika masultani ambao wangelia kwa kumkosa Mwanakombo. Alipomsomea, Mwanakombo akajifuta machozi. "Kumbe ndiye mimi huyu!"

Jirani yao Somoe, fundi wa hina, alikuwa amekaa pembeni akichekecha hina yake. Akauliza, "Mwalimu, na Bi Ruzuna yumo ukurasa wa ngapi?"

Wakamtafuta. Wakageuza karatasi mbele na nyuma. Hayumo.

"Basi sikilizeni," akasema Somoe. "Mimi ndiye ninayempaka hina bibi harusi, na kule ndani nasikia. Harusi ya binti mkubwa, wanaume walikula wakashiba, masinia yakafika kwa wanawake yana ukoko mtupu. Wakwe, shoga yangu, walikula ukoko! Mpaka leo mama wa watu akikutana nao njiani anajifanya kadondosha pete. Yule hatafuti pilau. Anatafuta asiaibike mara ya pili."

Athmani aliitazama barua yake kama mtu anayemzika jamaa. Akaichana. Akaandika ukurasa mmoja tu, ukianza hivi: "Bi Ruzuna, safari hii wanawake watakula kwanza, na watakula pilau." Kisha akaeleza nani atapakua, masinia yatapita mlango upi, na saa ngapi. Sifa za mpishi hazikuzidi mstari mmoja.

"Ongeza," akasema Mwanakombo. "Andika nina sufuria moja tu, nitapika mara mbili, wanaume watasubiri. Na biriani yangu si nzuri, asiniombe."

"Umerogwa? Nani anaomba kazi kwa kujishtaki?"

"Siku ya harusi si ataiona sufuria ni moja? Bora aisome kabla."

Athmani akaandika huku akisonya.

Barua saba zilimfikia Bi Ruzuna. Sita zilianza na "Mimi". Ya saba ilianza na yeye. Mwanakombo akapata kazi, wanawake wakala kwanza, wanaume wakanung'unika mpaka walipoonja.

Harusi ilipokwisha, Bi Ruzuna, aliyekuwa ameshasikia barua ilitungwa na nani na nani, akawaita wote watatu barazani. Palikuwa na sufuria kubwa ya shaba, ya marehemu bibi yake.

"Upishi nimeshaulipa," akasema. "Hii ni zawadi ya barua. Mwanzo wake ulinitoa machozi. Katikati sikupotea hata kidogo. Mwisho nikacheka, nikasema huyu hanidanganyi. Aichukue yule ambaye bila yeye nisingewachagua."

Somoe akawahi. "Bila mimi, ungepata 'Mimi' ya saba!"

"Na siri za nyumba ya watu ulizianika wewe," akasema Mwanakombo. Bi Ruzuna akakohoa.

"Bila mimi," akasema Athmani, "maneno ya Somoe yangebaki umbea. Na nimechana kurasa tatu kwa mikono yangu hii!"

"Wewe hata chai hupiki," akasema Somoe.

"Nitawekea karatasi zangu humo."

Mwanakombo alikuwa ameitolea macho ile sufuria. Kwa sufuria mbili, nani tena angesubiri? "Bila mimi," akasema, "ingekuwa barua tamu ya uongo."

"Na ile ya kwanza, uliyoililia kwa furaha," akauliza Athmani, "ukweli ulikuwa umesafiri?"

Bi Ruzuna akainuka. "Mkikubaliana, nigongeeni."

Hawajagonga mpaka leo. Sufuria iko palepale barazani, kuku wanatagia humo, na kila ikifika harusi Mwanakombo anapika mara mbili, wanaume wanasubiri.

Haya, wewe unayecheka hapo mbele, na wewe unayejifanya umesinzia, tusaidieni watu wale. Yuko aliyesikia, yuko aliyeandika, yuko aliyekiri. Je, sufuria ile ni ya nani?